Chachu Iliyooshwa Maji Saba

Mwanamkasi binti Idarusi alikuwa mwanamke wa kujua mambo yake. Ukimuuliza mchele wa vitumbua ulowekwe muda gani, atakwambia. Ukimuuliza nazi ipi ina tui na ipi ni maji matupu, ataitikisa sikioni na atakwambia. Pale Pongwe, kwenye njia ya kwendea kambi za mkonge, vitumbua vyake vilikuwa vikimalizika jua halijapanda vizuri, na aliyechelewa alikula kwa macho. Sasa mtu kama huyo, mtu na akili zake timamu, ndiye aliyekuja kuvurugikiwa mwaka ule wa hamsini na tano hata akatia chumvi mahali pa sukari, akawauzia watu, na watu wakamrudishia. Na kilichomvuruga ni tunda kavu. Tunda tu, wala si la kula.

Mwenye tunda aliitwa Yudith. Alikuwa Mpare, Mlutheri, mke wa Eliudi mkata mkonge na mama wa mtoto Noa, naye mwenyewe alikuwa na kibarua cha kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, pale kambini. Alianza kwa kununua vitumbua, akarudi, akarudi tena, mwisho akawa anavuta kibao anakaa. Mwanamkasi alipojifungua bintiye Sabiha na homa ikamlaza, ni Yudith aliyemchotea maji na kumwogesha mtoto mwezi mzima, hali ndugu zake wa damu walikuwa hapo Kigombe tu wanatuma salamu. Mimi nikilisema hili naambiwa nina maneno, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo wale wawili walikuwa mashoga wa kweli.

Siku moja Yudith akaletewa habari kutoka Upare kwamba mama yake yu taabani. Alikuwa amebakiza siku tatu kumaliza kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi, na nyapara akamwambia waziwazi kwamba akiondoka kabla, siku zake zote za nyuma zimepotea. Basi akazimaliza zile siku tatu huku machozi yanamdondokea kwenye singa. Siku ya nne asubuhi akaja jikoni kwa Mwanamkasi na mzigo mrefu kama mkono wa mtu mzima, umeviringwa kwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kamba.

Akasema hicho ni kitu alichopewa na mama yake siku aliyoolewa, na mama yake alipewa na wake. Kilitaka kukaa juu ya jiko linalowashwa kila siku, moshi ukipitie, la sivyo kitaingia ukungu. Nyumba yake inafungwa, na wanawake wa kambini hakuwaamini, kwani wangekimega. Akaona hakuna jiko la kuaminika kama la muuza vitumbua. Alitoa masharti mawili tu, kisipate mvua na asipewe mtu. Mwanamkasi alipouliza ni kitu gani, Yudith alitazama kanzu ya Uweso iliyotundikwa mlangoni, akasema atamwambia akirudi. Uweso, mume wa Mwanamkasi, alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa pale njiani.

Mwanamkasi hakuuliza tena. Aliupokea mzigo kwa mikono miwili na kusema, "Nimepokea. Ni amana."

Neno hilo lilimtoka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu, na kwa watu wa pwani neno hilo si la mchezo.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Ya pili ule mzigo ukaanza kunuka. Si harufu mbaya, wala huwezi kusema ni nzuri, ilikuwa tamu yenye ukali kidogo, na kila jiko likishika moto inashuka na kumzunguka Mwanamkasi puani. Siku ya tatu ya harufu ile aliona bora ajue moja. Yudith alisema asipewe mtu, hakusema usifunguliwe. Akafungua. Ndani akakuta vipande viwili vyeusi vyeusi, vina nyuzinyuzi na matundu, mfano wa dodoki lililochakaa. Akavigeuza huku na huku. Kama ni dodoki, nani anayerithisha dodoki? Kama ni dawa, mbona haina hirizi wala harufu ya ubani? Akawaza mambo ya uchawi, akajikemea papo hapo, kwani mtu aliyekuogeshea mwanao humdhanii hayo. Akafunga tena, akatundika, na tangu saa ile akawa anapika vitumbua huku anatazama juu.

Katika hali hiyo ndipo alipofika mkwewe, Bi Mwatumu, mamake Uweso, kutoka Pangani. Aliingia jikoni moja kwa moja kama desturi yake. Mwanamkasi akapiga goti, "Shikamoo mama," na kabla marahaba haijatoka, pua ya bibi ilikwisha panda juu. Bi Mwatumu alikuwa na kaka aliyekuwa mgema wa tembo enzi za ujana wake, na kuna harufu mtu haisahau hata akihiji mara tatu. Akaamuru mzigo ushushwe. Akanusa, akapiga chafya, akanusa tena.

"Hii ni chachu ya pombe," alisema. "Tunda la mwegea hili. Watu wa milimani hulitia kwenye maji ya miwa, nalo linaamka."

Mwanamkasi aliuliza linaamka vipi, kitu kimekauka hivyo. Bibi akamweleza kwamba ulevi wote umejificha humo ndani, umelala, na ukipata sukari unaamka na kutoa povu. Kisha wakilitoa hulianika, hulitundika kwenye moshi, likalala tena hadi siku nyingine, na tunda moja huweza kulea watoto hata wajukuu. Mwanamkasi alimsikiliza kinywa wazi. Yeye hamira aliyoijua ilikaa kwenye kopo, dukani kwa Mhindi, nyeupe, safi, inapimwa kwa kijiko. Ati tunda lililokufa zamani, jeusi tititi, ndani mna kitu hai kimelala! Na kimelala wapi? Juu ya jiko la muadhini.

Uweso aliporudi aliambiwa. Maskini Uweso, mtu mpole yule, alikaa chini na kofia yake mkononi. Akasema amana hurudishwa kama ilivyopokewa, hilo halina mjadala. Kisha akasema pombe haikai nyumbani mwake, na hilo pia halina mjadala. Kisha akasema, lakini je, hii ni pombe? Akalinusa. Halileweshi, halinyweki, ukilitafuna utavunja meno. Akafika mahali akawa hajui ashike lipi aache lipi, akasema Ijumaa atakwenda Tanga mjini kumuuliza mwenye elimu. Halafu akachukua mwavuli wake akaenda msikitini, na adhuhuri ilikuwa bado saa mbili nzima.

Bi Mwatumu hakuwa mtu wa kungoja Ijumaa. Alimwambia mke wa mwanawe kwamba jambo lenyewe jepesi. Mbwa akilamba chungu, chungu huvunjwa? Huoshwa maji saba, na mara moja katika hizo saba ni kwa udongo. Basi na hili lioshwe vivyo hivyo. Najisi itatoka, amana itabaki, shoga yake atarudishiwa kitu chake, na Uweso ataswali kwa raha. Mimi si mwanachuoni, sijui ya mbwa yameingiaje kwenye ya pombe, lakini Mwanamkasi aliyapokea kwa furaha kwa vile aliona sasa hakuna atakayeumia. Sharti la mvua alilikumbuka, tena alilipima. Yudith alisema mvua. Hakusema kisima.

Siku hiyo hakuuza kitu. Kutwa alikuwa uani na karai, maji ya moto yanachemka jikoni, kanga kaikaza kiunoni. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akatia udongo, akasugua kila tundu kwa kidole, na kwa kuwa ni kitu cha mtu anayempenda, hakufanya kivivu. Ya nne akaongeza majivu, hilo Bi Mwatumu hakumwambia, ni bidii yake tu. Maji ya saba yakatoka meupe, ungeweza kuyanywa. Akavianika vile vipande juu ya ungo siku tatu, vikawa vyepesi, rangi ya majani makavu, harufu hakuna. Akaviringa kwa majani mapya na kamba mpya, akatundika, akalala usingizi wa kwanza katika siku nyingi. Uweso alirudi kutoka mjini Ijumaa na jibu kwamba yule mwenye elimu amesafiri.

Yudith alirudi baada ya wiki sita. Alikuja kanyolewa kichwa, kavaa kaniki, akasimama mlangoni bila kukaa. Alisema alifika kwao siku moja baada ya mama kuzikwa. Siku zote mama aliuliza kama Yudith keshafika, mpaka sauti ikakata. Ndugu zake walichoma vyombo na matandiko yote ya marehemu kwa vile alikufa kwa kifua, na chachu ya mama nayo ikaenda na moto. Sasa imebaki hii moja aliyopewa yeye.

Ndipo alipomwambia ni kitu gani, naye Mwanamkasi akafanya kama ndiyo kwanza anasikia. Kwao, alisema Yudith, binti ndiye anayeondoa matanga ya mama yake. Hutengeneza dengelua, ile pombe ya miwa, kwa chachu aliyopewa na mama huyo, ndugu wakanywa, matanga yakaisha. Na chachu ina siri yake. Kama mama ameondoka na moyo mweupe, chachu inaamka siku ile ile. Kama ameondoka na kinyongo na mwanawe, inakataa. Yudith aliyasema hayo akitazama chini, na siku zake tatu za kipande zilikuwa zimemkaa usoni, huna haja ya kuambiwa.

Mwanamkasi akamshushia mzigo. Yudith akaupima mkononi.

"Limekuwa jepesi," alisema.

"Jua," akajibu Mwanamkasi.

Kwa nini alijibu hivyo? Hata yeye hakujua. Mpaka dakika ile aliamini amefanya wema, alikuwa hata amepanga namna ya kujisifu, na ghafla ulimi ukachagua neno moja na mengine yote ukayameza. Wala hakusema uongo, jua lilikuwapo. Lakini hakuthubutu kutoka jikoni mpaka Yudith alipopotea njiani.

Miwa ikaletwa, ikatwangwa, maji yake yakachujwa kwenye mtungi mkubwa, vipande viwili vikazamishwa. Ndugu wa Korogwe na Muheza wakapelekewa habari wajiandae. Kesho yake Mwanamkasi akaenda kambini, akamkuta Yudith ameweka sikio kwenye mdomo wa mtungi. Pombe iliyo hai, alielezwa, ina sauti. Yudith akamwomba naye asikilize, kwani masikio ya muuza vitumbua yamezoea kusikiliza mafuta yanayochemka. Mwanamkasi akainama. Akasikia damu yake mwenyewe, basi.

Siku ya pili kimya. Siku ya tatu sisimizi wakapanga mstari kwenye mtungi, sukari yote ikiwa bado humo. Siku ya nne maji yakawa mazito, yanateleza, yananuka vibaya, na Eliudi akayabeba akayamwaga nyuma ya nyumba. Elizabeti, jirani yao wa kambini, mama mzima aliyepika pombe maisha yake yote, alijitolea kumwazima chachu yake. Yudith akakataa. Kazi ya chachu ya Elizabeti ni kuamka, alisema, haiwezi kumwambia lolote kuhusu mama yake.

"Alinisubiri," alimwambia Mwanamkasi. "Alinisubiri siku tatu, mimi nahesabu kipande. Ameondoka na kinyongo nami rohoni."

Hakulia. Alijiegemeza ukutani, na chakula alicholetewa akakisogeza pembeni.

Njiani Mwanamkasi alifuatana na Elizabeti mpaka kwenye kisima, akamuuliza kama mtu anayeuliza ya upuuzi, eti chachu huoshwa mara ngapi kwa mwaka. Elizabeti alicheka hadi akashika ndoo. Nani anayeosha chachu? Ule weusi, ule uchafu unaouona, ndio chachu yenyewe, tunda ni nyumba tu. Ukiliosha umebaki na kuni.

Hapo ndipo kichwa cha Mwanamkasi kilipozunguka. Tangu azaliwe alifundishwa kwamba usafi ni heri. Unaosha kabla ya kula, kabla ya kuswali, kabla ya kuzikwa. Leo anaambiwa kwamba amesafisha kitu mpaka kikafa. Alifika nyumbani akapondaponda mchele bila kujua anapondea nini, na kesho yake ndiyo siku ya vitumbua vya chumvi.

Alimwambia Uweso. Uweso alifikiri sana, akauliza amana aliirudisha? Aliirudisha. Yote? Yote. Basi, akasema, lakini alilisema lile "basi" kama mtu anayeuliza. Alimwambia Bi Mwatumu, naye akasema Mungu amepitisha mkono wake humo, pombe imepungua duniani, na anayekwenda kueleza sasa anakwenda kuwafundisha walevi wapi walikosea. Maneno ya wote wawili yalikuwa na maana. Mwanamkasi aliyapanga pamoja kichwani, la mume huku, la mkwe huku, na kila alipomaliza kuyapanga alimwona Yudith pale ukutani. Akinyamaza, shoga yake ataishi na kinyongo cha maiti ambacho hakipo. Akisema, amempoteza shoga, tena huenda pombe itapikwa kwa neno lake yeye, mke wa muadhini. Thawabu iko wapi hapo na dhambi iko wapi? Angepewa mtu wa kumwambia, angemlipa vitumbua mwaka mzima.

Siku ya saba Eliudi alikuja mwenyewe. Yudith hali chakula, haendi kazini, na akisemeshwa anaitikia kama yuko chumba cha pili. Eliudi alimwomba Mwanamkasi aje azungumze naye, kwani ndiye anayemsikiliza. Mwanamkasi hakuaga. Akajitanda kanga akamfuata, na njia nzima alikuwa hajaamua.

Alimkuta Yudith palepale ukutani, kakonda, midomo imekauka. Mwanamkasi akaketi sakafuni mbele yake. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa mengi, kuna la mbwa na la chungu, kuna la muadhini na la mwenye elimu aliyesafiri. Hakuna lililokuja.

"Mama Noa," alisema, "mimi nililiosha."

Yudith hakuelewa. Aliuliza nini.

"Lile tunda. Niliambiwa lina najisi. Nililiosha mara saba. Nilidhani nalisafisha, sikujua nalimaliza. Nikanyamaza kwa sababu nilikuogopa."

Eliudi mlangoni alishusha pumzi kama mtu aliyepigwa. Mwanamkasi akainamisha kichwa, akingoja apigwe au afukuzwe, akawa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Kwa maji ya baridi?" Yudith aliuliza.

"Ya moto. Yanachemka."

"Yote saba?"

"Yote. Na udongo mara moja. Na majivu."

"Na majivu," Yudith akarudia. Akamshika Mwanamkasi mikono yote miwili, akaibana hadi vidole vikauma, na machozi ambayo hayakutoka Upare, hayakutoka siku ya mtungi, yakaanza kumwagika. "Basi lisingeamka hata kwa malaika."

Mwanamkasi akamwomba msamaha. Yudith akatikisa kichwa kwa nguvu kama anayefukuza nzi. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Mwanamkasi, aliyekuja kuungama kwamba ameua kitu cha vizazi vitatu, akawa anakumbatiwa kwa hilo hilo, asijue aitikie nini. Alitaka kusema kwamba kosa ni kosa. Alitaka kuuliza kama bado ni mashoga. Yudith hakumpa nafasi.

"Eliudi," aliita, "njoo uketi hapa. Mwambie, Mama Sabiha. Mwambie yeye pia jinsi ulivyoliosha."

Basi Mwanamkasi akaanza upya, maji ya kwanza meusi kama kahawa, ya pili hivyo hivyo, na kwa kila maji Yudith aliitikia "enhe," anafuta macho kwa ncha ya kaniki, na alipofika ya saba, Yudith alivuta bakuli la ugali lililokuwa pembeni, akamega, akala.